Gundi Chini, Vanishi Juu: Kwa Nini Baadhi Hupatana na Nyingine Huharibiana

Makasha yalikuwa sita, ya mbao ya mkangazi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuwekea majani ya chai, na kila kifuniko nilikuwa nimekivika maganda makavu ya mgomba yaliyochaguliwa kwa rangi, kuanzia hudhurungi iliyokoza hadi manjano hafifu. Maganda niliyabandika kwa gundi ya viatu, ile yenye rangi ya asali inayouzwa kwenye makopo katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Arusha. Muuzaji alinihakikishia, "Dada, hii inashika kila kitu, hata bati," na kwa siku mbili nzima maneno yake yalionekana kuwa ya kweli, kwani hakuna ganda lililoinuka. Siku ya tatu nilipuliza laka ya kung'aa iliyozimuliwa kwa thina. Kabla ya jioni vifuniko vyote vilikuwa vimeota malengelenge, mengine yenye ukubwa wa punje ya mahindi, na nilipobonyeza lengelenge moja kwa kidole niliihisi gundi chini yake ikiwa laini na yenye kunata kama siku niliyoipaka.

Gundi ile haikuwa mbovu, na laka nayo ilikuwa nzuri. Gundi ya viatu ni mpira wa kiwandani ulioyeyushwa katika vimiminika vikali vyenye harufu nzito, kimojawapo kikiwa toluini. Ikishapakwa pande zote mbili na kuachwa kwa dakika 10 hadi 15, vimiminika hivyo huruka hewani na kubaki mpira mtupu, na pande hizo mbili zikigusana hushikana papo hapo. Thina ya laka ni mchanganyiko wa vimiminika vya ukoo huohuo. Ganda la mgomba ni jembamba na limejaa vitundu, hivyo thina ilipenya ndani yake, ikaufikia mpira na kuurudisha katika ulaini wake wa mwanzo, na kwa kuwa laka ya juu ilikuwa imekwisha kuanza kufunga, mvuke wa thina ulikosa njia ya kutokea ukaliinua ganda. Mafundi seremala wanaobandika vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri, juu ya mbao hafifu huipata hitilafu hiyohiyo, na kwa sababu hiyohiyo.

Watu wengi wanaofanya kazi za mikono huuliza gundi ipi ni nzuri, au vanishi ipi hung'aa zaidi. Kwa maoni yangu, mambo mawili yanapaswa kujulikana kwanza kuhusu kila kopo: kilichomo ndani hugandaje, na kikishaganda huyeyushwa na nini. Mtu akiyajua hayo mawili, sehemu kubwa ya fumbo hili hufumbuka, hata kama maandishi ya kwenye kopo yamefutika.

Kukauka na kuiva

Kuna vitu vinavyoganda kwa kukauka na vingine vinavyoganda kwa kuiva, ijapokuwa katika mazungumzo ya kawaida sote husema tu kwamba vimekauka. Kinachokauka hupoteza kimiminika chake na kubaki kilekile kilichokuwa ndani ya kopo, kikiwa kigumu. Ukikirudishia kimiminika chake, nacho hurudi nyuma. Gundi ya viatu, laka ya kawaida na shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu, nitakayoieleza mbele) ziko katika kundi hili, na gundi nyeupe ya mbao haiko mbali nalo. Kinachoiva hubadilika kikemia na kuwa kitu kingine, kama unga wa mahindi uliokwisha kuwa ugali, ambao hauwezi tena kuchekechwa. Epoksi, yaani gundi ya mirija miwili, huiva pale sehemu zake mbili zinapochanganywa. Vanishi ya mafuta na rangi ya mafuta huiva kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, kazi inayoendelea kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa, baada ya uso kuwa mkavu kwa kugusa.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Rangi ya mafuta iliyo nusu mbichi ni dhaifu kuliko inavyoonekana kwa kugusa, na ni dhaifu kuliko itakavyokuwa baadaye. Ikipuliziwa laka yenye thina katika hali hiyo, hufura, hujikunja na kuinuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Wanaouza picha za Tingatinga hawana budi kulijua jambo hili. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na hadi leo wachoraji wengi wa mtindo huo, wakiwemo wanaouza kazi zao kwa watalii mjini Arusha, hutumia rangi ya mafuta. Mteja akitaka picha iongezwe mng'ao kabla hajapanda ndege kesho yake, kishawishi cha kuipuliza laka ni kikubwa, kwa kuwa laka hukauka ndani ya nusu saa. Ni afadhali picha iondoke bila vanishi kuliko kuondoka ikiwa na tembo aliyejikunja ngozi. Muda ukiwepo, picha iachwe iive, kisha ifutwe vumbi na mafuta ya vidole na kupakwa vanishi ya mafuta, au vanishi ya maji ambayo haina nguvu ya kuifumua rangi iliyokwisha kuiva.

Koo nne za viyeyushi

Vinavyoyeyusha gundi na vanishi zinazopatikana madukani kwetu naviweka katika koo nne: maji, spiriti, tapentaini na jamaa zake, halafu thina pamoja na asetoni. Thina ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ndani yake mna vimiminika vya aina kadhaa vilivyochanganywa ili kila kimoja kifike pale ambapo kingine kingeshindwa. Tapentaini ni pole kwa vitu vingi vilivyokwisha kukauka. Spiriti iko katikati. Maji yanaonekana hayana madhara, lakini huvimbisha mbao, hukunja karatasi na kuilegeza gundi nyeupe ya kawaida.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni ambayo nimeifuata tangu siku ya makasha yale: kinachopakwa juu kisiwe na kiyeyushi kinachoweza kukifikia na kukiyeyusha kilicho chini, isipokuwa kama cha chini kimeiva kabisa, au kama kati yake umewekwa ukuta. Maneno "kukifikia" yana uzito wake. Gundi ya viatu iliyo chini ya mbao yenye unene wa sentimita moja haitaguswa na laka, ilhali iliyo chini ya ganda la mgomba, karatasi, kitambaa au jani kavu iko wazi kana kwamba haijafunikwa.

Makasha yale niliyabandua, nikayakwangua na kuyaanza upya kwa gundi nyeupe. Niliipaka nyembamba kwa brashi bapa, nikalaza ganda, nikafunika kwa karatasi ya nailoni ili gundi itakayotokeza isishike ubao wa kukandamizia, nikaweka ubao huo na matofali mawili juu yake hadi kesho yake. Gundi nyeupe haijali tapentaini hata kidogo, na kwa hiyo vanishi ya mafuta ilikuwa chaguo salama kabisa. Ubaya wake ni rangi, kwani vanishi ya mafuta huyatia maganda wekundu wa chai ya rangi, na yale ya manjano hafifu niliyoyatafuta kwa shida yangepotea. Vanishi ya maji ingeyaacha na rangi yao, lakini maji yake yangeweza kuilainisha gundi na kulivimbisha ganda. Nilitumia shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, ukayeyushwa katika spiriti. Spiriti nayo inaweza kuilegeza gundi nyeupe ikikaa juu yake muda mrefu, lakini tabaka jembamba la shelaki huwa limekauka baada ya dakika chache, kabla halijapenya mbali. Nilipaka tabaka tatu nyembamba kwa kitambaa cha pamba, na baada ya siku mbili nikamalizia juu yake kwa vanishi ya maji, ambayo sasa haikuwa na njia ya kufika kwenye gundi.

Huo ndio ukuta niliousema. Shelaki iliyoondolewa nta hushika karibu kila kitu na kushikwa na karibu kila kitu, na ndiyo sababu mafundi huitumia kati ya tabaka mbili zisizopatana. Ile isiyoondolewa nta haifai kuwekwa chini ya vanishi nyingi za kisasa, hasa za poliyurethani, kwa kuwa nta huzifanya zibanduke. Nayo shelaki isiachwe peke yake juu ya sinia la vinywaji, kwani glasi yenye maji huiachia duara jeupe na tone la pombe kali huiyeyusha.

Gundi nyeupe na baridi ya Julai

Kwa mbao, karatasi na nyuzi, gundi nyeupe ndiyo ninayoipenda kuliko zote: ni nafuu, haina moshi wa kuumiza kichwa, na kiungo chake kikifanywa vizuri hushinda mbao yenyewe kwa nguvu. Ina masharti yake, hata hivyo. Ndani ya kopo ni vitone vidogo mno vya plastiki vinavyoelea majini, na ili vitone hivyo viungane na kuwa utando mmoja huhitaji joto la kutosha. Likishuka chini ya takribani nyuzi 10 za Selsiasi, kiwango ambacho hutofautiana kwa aina ya gundi, vitone hukauka bila kuungana, na alama yake ni unga mweupe kama chokaa kwenye kiungo. Arusha iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na asubuhi za Juni na Julai, hasa kwa walio juu kuelekea mlimani kama Ngaramtoni, baridi husogelea kiwango hicho. Mji wa Moshi, ulio chini zaidi na wenye joto, hupata shida hiyo kwa nadra. Kopo langu la gundi hulala jikoni msimu huo, na mbao pia huziingiza ndani usiku, kwa sababu gundi yenye joto ikipakwa kwenye mbao baridi hupoa mara moja.

Jambo la pili kuhusu gundi hii huonekana baada ya kazi kwisha. Tone lililotokeza kwenye kiungo na kupanguswa ovyo kwa kidole huziba vitundu vya mbao. Halionekani. Ukija kupaka rangi ya mbao au vanishi, mahali pale hubaki pameparara, na alama ya kidole hujitokeza wazi kana kwamba imechorwa. Mimi huliacha tone mpaka liwe kama jibini, kiasi cha nusu saa hivi, kisha nikalikwangua kwa patasi, halafu nikapitisha msasa. Kabla ya vanishi hupangusa mahali pote kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kwani mbao ikilowa hukoza rangi na madoa ya gundi hubaki meupe yakionekana, wakati bado kuna nafasi ya kuyaondoa.

Mpingo una tabia yake

Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na uzito huo unamaanisha kwamba gundi haina pa kupenya. Tena ndani yake mna mafuta na kemikali za asili zinazoulinda mti, na baadhi ya kemikali hizo huizuia vanishi ya mafuta isivute oksijeni ipasavyo. Mtu anapaka leo, kesho inanata, wiki ijayo bado inanata, naye huilaumu vanishi. Kinyago kilichovunjika sikio kinapohitaji kuungwa, sehemu mbili zipitishwe msasa upya, zifutwe kwa asetoni na kuunganishwa mara tu asetoni inaporuka, kabla mafuta hayajapanda tena juu, na kwa kazi hiyo epoksi hufaa kuliko gundi nyeupe. Ikiwa lazima kipakwe vanishi ya mafuta, shelaki itangulie. Lakini sioni sababu ya kuupaka mpingo vanishi. Nta ya nyuki ikisuguliwa kwa kitambaa huutoa weusi wake bila kuufunika, na wachongaji wengi humaliza kazi zao kwa nta au dawa ya viatu. Kumbuka tu kwamba baada ya nta hakuna gundi wala vanishi itakayoshika hadi nta hiyo iondolewe, hivyo matengenezo yote yatangulie.

Ukanda wetu, kwa kweli, uliwahi kuulisha ulimwengu malighafi ya vanishi. Sandarusi, yaani utomvu wa miti ulioganda, iliyochimbwa ardhini pwani ya Tanganyika na kupitia Zanzibar katika karne ya 19 ilisafirishwa hadi Ulaya, India na Salem nchini Marekani, ambako iliyeyushwa katika mafuta moto kutengeneza vanishi ngumu ya magari ya farasi na fanicha. Vanishi za mafuta za leo zimerithi kazi yake kwa utomvu wa kiwandani, lakini namna ya kuiva kwa oksijeni ni ileile.

Gundi nyingine zina maneno machache. Epoksi iliyoiva kwenye baridi au unyevu huweza kutoa utando laini kama sabuni juu yake, nao huzuia vanishi kukauka, kwa hiyo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kupigwa msasa. Supaglu huganda kwa unyevu wa hewani na mvuke wake huacha ukungu mweupe pembeni mwa kiungo, jambo linaloharibu sana shanga nyeusi na mbao iliyokwisha kung'arishwa. Pamba isiwe karibu nayo, kwani vikigusana hutoa joto linaloweza kuunguza vidole. Gundi ya bunduki, ile ya vijiti inayoyeyushwa kwa joto, huganda kwa kupoa tu, na mzigo ukiachwa kwenye gari lililofungwa vioo juani joto laweza kuilegeza. Ngozi bandia mara nyingi ina mafuta ya kulainishia ambayo hutoka polepole na kuifanya vanishi inate daima, hivyo isipakwe kabisa. Ngozi halisi ya kandambili na mikanda ya shanga hushikwa vema na gundi ya viatu, kwa kuwa gundi hiyo hujipinda pamoja nayo, ila vanishi ngumu juu ya ngozi hupasuka siku ya kwanza ya kuvaliwa.

Jihadhari pia na sahihi. Wengi huandika majina yao kwa kalamu ya wino mzito, kisha shelaki au laka inapopita juu, wino huyeyuka na kutapakaa kwa sababu nao uliyeyushwa kwa spiriti. Penseli haina shida hiyo.

Kabla ya kazi yenyewe

Kila ninapokutana na kopo nisilolijua, hupaka kidogo kwenye kipande cha mbao au ganda la aina ileile nitakayotumia, nikaandika tarehe nyuma yake. Likikauka, nachovya pamba kwenye kiyeyushi cha kitu kitakachofuata na kuibonyeza hapo hadi nihesabu 30. Pamba ikitoka na rangi, au mahali pale pakinata, viwili hivyo havitakaa pamoja bila ukuta. Ili kujua kama vanishi imeshika kweli, nakata mistari midogo ya kukingamana kwa wembe, nabandika selotepu, naibandua kwa nguvu na kutazama imeondoka na nini. Kazi yote huchukua siku tatu au nne, na siku hizo ni sehemu ya kazi.

Wakati wa masika laka hupata ugonjwa mwingine. Thina inaporuka kwa kasi huupoza uso, unyevu wa hewani hutonea juu yake na laka hugeuka nyeupe kama maziwa. Hilo si ugomvi na gundi, bali ni hali ya hewa, na dawa yake ni kungoja saa za mchana zilizo kavu. Kupuliza laka kufanyike mahali pa wazi, mbali na jiko na watoto. Matambara yaliyotumika kwa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni, kwani yakiiva hutoa joto na rundo huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje hadi yakauke, au yalowekwe majini.

Ndani ya makasha ya chai sikupaka vanishi ya mafuta kabisa. Ikifungiwa mahali pasipo hewa huendelea kutoa harufu kwa miezi, na majani ya chai huvuta harufu yoyote iliyo karibu nayo. Nilipaka shelaki tabaka moja, nikaacha vifuniko wazi kwa wiki mbili, kisha nikavifunga usiku mmoja na kuvifungua asubuhi nikinusa. Matano hayakuwa na harufu yoyote. La sita lilinukia spiriti kwa mbali, nami nikaliacha wazi dirishani kwa siku nne zaidi kabla ya kulifungasha.